Liste ya safari ibandikwe ukutani

Raia wenzetu, vijana wa Ibanda, Kadutu na Bagira, na ninyi wote ambao mko mbali na muji,

Leo sitaandika juu ya umeme, wala maji, wala mashimo ya barabara. Hayo tunayajua na tutayarudilia. Leo naandika juu ya mpira wenye umbo la yai na karatasi moja iliyokuwa na majina kumi na mawili. Najua kuna mtu atasema: "Muji iko mu hali hii, na weye unatuletea mambo ya mupira?" Ndiyo. Nawaombeni musome kwanza mpaka mwisho, kisha mutanihukumu.

Nilianza kucheza raga nikiwa na miaka 15. Tulikuwa vijana kama ishirini kutoka masomo matatu. Mpira ulikuwa mmoja tu. Alituachia mgeni aliyekuja kufundisha miezi michache, kisha akarudi kwao. Kiwanja chetu kilikuwa na mteremko kama kila kitu mu Bukavu. Timu iliyocheza kuelekea chini ilikuwa inashinda, kisha tunabadilisha upande na ile ingine inashinda. Mvua ikinyesha, udongo ulishika nguo mpaka mama alichoka kufua. Wapita njia walikuwa wanasimama na kuuliza: "Banapigana ao banacheza?"

Katikati yetu kulikuwa mmoja aliyetupita wote. Sitataja jina lake, hajaniomba nimutangaze. Mama yake anauza sambaza soko ya Kadutu. Mbele ya kwenda masomo alikuwa anapandisha beseni toka kando ya ziwa mpaka juu, kila asubuhi. Kwa hiyo miguu yake ilikuwa miguu ya kweli. Ukimushika alikuvuta, na ukianguka alirudi kukuinua na kukuuliza kama umeumia.

Siku moja ikaja barua. Timu ya vijana wa masomo ilialikwa kucheza raga ya watu saba huko Nairobi. Nafasi zilikuwa kumi na mbili. Mwalimu wetu akachagua majina mbele yetu sote, wa kwanza akiwa yule rafiki yangu. Tulipiga kelele mpaka watu wa nyumba za jirani wakatoka kuangalia kama kuna wizi.

Wiki mbili baadaye liste ikarudi toka kwa "wakubwa". Majina yalikuwa bado kumi na mbili, lakini mawili yalikuwa ya watu ambao hatujawahi kuona kiwanjani. Majina mawili ya kwetu yalikuwa yameondoka, na la rafiki yangu lilikuwa moja ya hayo. Mwalimu alisoma karatasi ile na sauti ya chini, akaikunja, akaiweka mu mfuko. Hakuna aliyeeleza kitu. Baadaye tulisikia bei. Sitaiandika hapa kwa sababu sikuona pesa ikitoka mkono mmoja ikiingia mwingine.

Tulienda kwa basi, Kigali, Kampala, mpaka Nairobi. Wale wawili wapya walikuwa watu wazima wenye ndevu, kila mmoja na valizi kubwa. Usiku wa pili hawakuonekana tena. Tulicheza tukiwa kumi. Tuliporudi Bukavu, hakuna aliyeuliza tulitoka wangapi na tumerudi wangapi.

Sasa ile sehemu ambayo inanikaba. Jina langu lilikuwa mu liste. Niliona kila kitu na nikanyamaza. Nilijua nikifungua mdomo, jina langu pia linaweza kuondoka. Kunyamaza ndiyo bei niliyolipa kwa safari ile. Rafiki yangu aliacha kucheza mwaka ule ule. Leo ni mwendesha taksi-moto. Ananibeba mara kwa mara, tunacheka vizuri, na ananilipisha bei ya kila mtu.

Nimeeleza haya kwa sababu najua hadithi hii si yangu peke yangu. Badilisha raga, weka mpira wa miguu, basketi, judo, korali, teatre, konkuru ya hesabu. Kila mahali penye safari ya vijana kwenda nje ya nchi, kuna liste. Na kila mahali penye liste iliyofungwa mu mfuko, kuna mtoto aliyefutwa.

Safari moja inaweza kufanya nini?

Wengi wenu munamujua Siya Kolisi, kapiteni wa Afrika Kusini aliyeinua Kombe la Dunia la raga mwaka 2019 kule Japani na tena mwaka 2023 kule Ufaransa. Alizaliwa mwaka 1991 na kukulia Zwide, kartie ya watu maskini huko Port Elizabeth. Bibi yake ndiye alimulea. Akiwa na miaka 12 alienda na timu yake kucheza mashindano ya watoto mu muji wa Mossel Bay. Pale watu wa masomo makubwa walimuona, wakamupa nafasi ya kusoma bila kulipa. Yeye mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba kwenye majaribio yake ya kwanza ya jimbo alicheza na kaptula ya ndani kwa sababu hakuwa na ya michezo. Fikirini kidogo. Kama mwaka ule mtu fulani angefuta jina la yule mtoto na kuweka la mtoto wa rafiki yake, Zwide ingepoteza nini? Na dunia ingejuaje kwamba imepoteza?

Tuje kwetu. Yannick Nyanga alizaliwa Kinshasa mwaka 1983, akaichezea Ufaransa raga mara nyingi. Madosh Tambwe naye alizaliwa Kinshasa, akakulia Afrika Kusini, akapitia raga ya masomo ya kule mpaka timu kubwa, kisha akaenda kucheza Ufaransa. Ni watoto wa nchi hii, tunawapenda na tunajivunia. Lakini tuseme ukweli: hatukuwalea sisi. Masomo ya watu wengine yaliwapa kiwanja, mwalimu, ratiba ya mashindano na mtu wa kuwaangalia. Damu tulitoa sisi, kazi ya kulea wakafanya wengine. Halafu tunakaa kwenye televizyo tunasema, "Angalia, huyu ni mutoto ya Congo!"

Jirani zetu Wakenya hawana utajiri wa kobalti na coltan kama wetu. Lakini kule watoto wengi wanajifunza raga masomoni, na masomo yanashindana kutoka wilaya mpaka taifa. Mwaka 2019 timu yao ya vijana chini ya miaka 20 iliifunga Namibia 21 kwa 18 pale Nairobi, ikapata njia ya kwenda kucheza mashindano ya dunia Brazili. Mwaka 2023 mashindano hayo hayo yakachezewa Nairobi. Safari ya Brazili haikuanzia airport. Ilianzia kwenye viwanja vya masomo ambako mtu aliandika majina ya watoto kila wiki, mvua au jua.

Kitu ambacho sijasahau toka safari yetu ni mwalimu mmoja wa timu ya pale. Kila usiku alipita na daftari, akahesabu watoto wake kichwa kwa kichwa. Alikuwa na karatasi ya ruhusa ya kila mzazi na barua kwa prefe ili mtoto asipoteze masomo. Kwetu, aliyetuongoza alikuwa na kofia nzuri ya michezo.

Taifa ni nani?

Kuna watu watakaosema ni mambo madogo, ni majina mawili tu. Hapana. Timu ya wanafunzi inapovaa rangi ya bendera, inaambia dunia: hawa ndio watoto wetu. Kwa hiyo yule anayeandika liste anaandika nani ni mtoto wa nchi na nani hapana.

Afrika Kusini inatufundisha hilo vizuri. Wiki yao kubwa ya raga ya masomo, Craven Week, ilianza mwaka 1964. Kwa miaka mingi ilikuwa ya watoto wazungu tu, na timu za watoto wengine ziliruhusiwa kuingia mwaka 1980. Watoto weusi walikuwa wanacheza raga miaka yote hiyo, Port Elizabeth na kwingine, lakini karatasi haikuwaona. Na wakati timu kubwa ya nchi ile ilipokwenda Nyuzilandi mwaka 1981, raia wa Nyuzilandi waliingia barabarani. Tarehe 25 Julai 1981 waandamanaji mamia waliingia mpaka katikati ya kiwanja cha Hamilton, mechi ikafutwa. Walielewa kwamba timu inayochaguliwa kwa kubagua haichezi mpira tu. Inabeba ule ubaguzi, inautembeza.

Kwetu hakuna sheria inayosema mtoto wa Kadutu asichaguliwe. Hakuna haja ya sheria. Kuna matabishi, kuna "huyu ni mutoto ya ndugu yangu", kuna uchaguzi unaofanyika Kinshasa kisha unaitwa wa taifa, kuna minervale ambayo haijalipwa kwa hiyo mtoto amefukuzwa masomo wiki ile ile ya majaribio. Na kuna paspoti.

Paspoti yetu ilikuwa inauzwa dola 185, moja ya bei kali duniani. Mwaka 2017 waandishi wa habari wa Reuters walionyesha kwamba sehemu kubwa ya pesa ile haikuwa inaingia mu sanduku ya Leta. Mwaka 2020 bei ilishuka mpaka dola 99. Paspoti mpya ya mwaka 2025 ilitangazwa kwa dola 75. Imeshuka, tunakubali, na haikushuka kwa huruma. Raia walipiga kelele. Lakini mwulize mama muuza sambaza dola 75 ni beseni ngapi. Halafu ongeza njia. Toka Februari 2025 muji wetu uko chini ya AFC/M23. Kavumu haina ndege za abiria, mabenki yamefunga milango. Kwa mtu wa Bukavu, kupata karatasi ya nchi yake mwenyewe kunaweza kumulazimisha avuke mipaka ya nchi zingine.

Ndiyo maana nasema wakati huu ndio wa kuongea, si wa kungoja. Mtoto wa Bukavu asigeuzwe mgeni mu timu ya taifa lake kwa sababu ya nani ameshika silaha mu muji wake. Kama Kinshasa inasema Bukavu ni Congo, na ni Congo, basi iseme hivyo pia kwenye liste ya wanafunzi. Bendera haitoshi mu hotuba.

"Pesa iko wapi?"

Swali zuri. Mwaka 2023 Kinshasa ilipokea Michezo ya Francophonie, na hesabu ya zaidi ya dola milioni 300 ilitajwa hadharani. Julai 2025 Leta ilitia sahihi na FC Barcelona mkataba wa miaka minne. Magazeti yaliandika kwamba ni zaidi ya euro milioni 40, ili jina la nchi yetu lionekane kwenye nguo za mazoezi. AC Milan na AS Monaco nao walipata mikataba yao. Tuhesabu pamoja, polepole. Milioni 40 kwa miaka minne ni milioni 10 kwa mwaka. Hata tuseme euro moja ni sawa na dola moja, pesa ya mwaka mmoja ingelipa paspoti zaidi ya 130,000 za dola 75. Mia na thelathini elfu! Nchi inayolipa ili jina lake livaliwe na watoto wa Catalonia haiwezi kuniambia kwamba haina pesa ya paspoti ya wanafunzi ishirini na tano.

Na si lazima kuanza na ndege ya kwenda Ulaya. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kila mwaka masomo ya ukanda huu yanakutana kwenye michezo ya FEASSA: mwaka 2023 ilikuwa Huye, Rwanda, mwaka 2025 ilikuwa Kakamega, Kenya. Huye ni safari ya basi kupita msitu wa Nyungwe. Najua sana mambo yaliyo kati yetu na upande ule, siwaambii muyasahau. Nauliza tu: wangapi kati yenu muliona tangazo moja la michezo hiyo limebandikwa kwenye mlango wa masomo yenu?

Kuna wale watakaosema: "Lakini batoto banatoroka." Ndiyo, wengine wanatoroka, nimeona kwa macho. Lakini wale waliotoroka kwenye safari yetu hawakuwa watoto wala wachezaji. Walikuwa wateja. Liste iliyofichwa ndiyo iliyowapitisha. Kila mara jambo hili linapotokea, anayelipa ni mchezaji wa kweli wa mwaka unaofuata, anayenyimwa viza kwa sababu ya mtu asiyemujua. Anayeuza nafasi moja leo amefunga mlango wa timu nzima ya kesho.

Na kuna swali zito zaidi, nalo linanitisha. Kama watu wazima wawili wanaweza kupotea kwenye safari ya wanafunzi bila mtu kuuliza, itakuwaje siku atakapopotea mtoto wa miaka 14?

Tunaomba nini?

Kwa Leta, Kinshasa, kwa wizara ya michezo na ile ya elimu, kwa mashirikisho yote ya michezo na kwa viongozi wa masomo, tunasema hivi, bila matusi na bila kuogopa:

1. Liste ya kila safari ya wanafunzi ibandikwe ukutani, masomoni na kiwanjani, wiki tatu mbele ya safari. Iandikwe jina, umri, masomo anakosoma na nani alimuchagua. Jina likibadilishwa, sababu iandikwe pembeni na mtu atie sahihi.

2. Timu inayoitwa ya taifa ifanye majaribio mu majimbo. Kama njia ya jimbo imefungwa, kama yetu leo, nafasi zake zisigawiwe kimya kimya. Itafutwe njia ya kuwafikia watoto pale walipo, pamoja na wale walio mu kambi za wakimbizi Burundi na kwingine.

3. Mwanafunzi aliyechaguliwa asilipe paspoti. Anabeba jina la nchi, nchi ibebe karatasi yake.

4. Kila safari iwe na mtu mzima anayejulikana, wa kike kama kuna wasichana. Awe na ruhusa za wazazi, bima na daftari ya kuhesabu watoto. Wakirudi, ripoti isomwe mbele ya wazazi: tulitoka wangapi, tumerudi wangapi, pesa imetumika namna gani.

5. Wasichana wapate safari sawa na wavulana. Dada zetu wanacheza, na wengine wanaangusha watu kuliko mimi.

Na sisi?

Hapo ndipo ninataka kumalizia, kwa sababu ni rahisi kuandikia Kinshasa na kusahau mwenyewe. Mambo haya yanaendelea juu ya watu kama mimi, wale ambao jina lao limebaki mu liste. Aliyefutwa akilalamika wanamwambia ana wivu. Mwalimu akilalamika anapoteza timu. Lakini sisi kumi tuliobaki, kama tungesema pamoja "hatupandi basi mpaka karatasi ielezwe", wangefanya nini? Wangetafuta wachezaji kumi wengine usiku ule ule? Tulikuwa na nguvu na hatukujua. Ao tulijua, tukaogopa. Nilikuwa na miaka 17, nilitaka sana kuona Nairobi. Sijitetei, naeleza tu.

Kwa hiyo, weye unayesoma hii na jina lako liko mu liste ya safari fulani, ya mchezo wowote, fanya vitu vitatu vidogo. Omba kuona karatasi yote. Ipige picha. Na kama kuna jina ambalo hujawahi kuona kwenye mazoezi, uliza kwa sauti mbele ya wenzako: "Huyu ni nani?" Swali la maneno matatu, halihitaji hata jiwe moja. Wenye kuuza nafasi za watoto hawaogopi hasira zetu, wamezizoea. Wanaogopa kuulizwa mbele ya watu.

Wiki iliyopita nilipanda moto ya rafiki yangu toka Essence mpaka Nyawera. Nilimwambia nataka kuandika mambo ya ile liste. Akanyamaza mpaka tulipofika, nikafikiri amekasirika. Nilipomupa pesa akaniambia: "Andika. Lakini uandike pia kama ule mpira uko bado kwetu nyumbani. Mudogo wangu anauchezea."

Nimeandika. Mdogo wake ana miaka 13. Siku liste yake itakapotoka, nitakuwa pale mbele ya ukuta, nikisoma jina kwa jina. Ninyi je, mutakuja?

Kijana wa Kadutu, raia